Winga Ameingia Kwenye Simu

Hotuba kwa wafanyabiashara na maofisa masoko, Morogoro

Wakubwa zangu, shikamooni. Wenzangu na wadogo zangu, habari za asubuhi. Nimefurahi kuiona tena Milima ya Uluguru, ingawa leo imejifunika mawingu kama bi harusi asiyetaka kuonekana mapema.

Niliambiwa nije nizungumzie mwelekeo wa matumizi ya mitandao ya kijamii nchini na maana yake kwa watu wa masoko. Nikafanya kama tunavyofanya siku zote maofisini: nikaandaa kurasa 40 za michoro ya rangi na mishale inayopanda. Halafu wiki iliyopita nikakaa nusu siku kwenye duka la vitenge la shemeji yangu, Mtaa wa Uhuru, Kariakoo. Niliporudi nyumbani nikafuta kurasa 36. Nitaanza na zile 4 zilizobaki, tena tuzimalize upesi.

Kwa hesabu za Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, hadi Desemba 2023 laini zilizokuwa zikitumia intaneti nchini zilikuwa zaidi ya milioni 35. Mwaka mmoja baadaye, Desemba 2024, zilikuwa zimefika milioni 48. Laini za simu kwa jumla zilizidi milioni 86. Sasa, Sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120, na humo wamo watoto wachanga na babu yangu wa Kilosa ambaye simu anaiita "hicho kidude". Laini ni nyingi kuliko watu. Mtu wa masoko akiona hivyo anatakiwa kusimama kidogo kabla hajaandika kwenye ripoti kwamba soko letu mtandaoni ni milioni 48.

Nyoosheni mikono tu. Nani hapa ana laini zaidi ya moja? Mnaona. Huyu ana Vodacom kwa ajili ya M-Pesa, Airtel kwa ajili ya bando, Halotel kwa sababu akienda kwao ndiyo inayoshika, na ile ya Yas, ambayo wengi wetu bado tunaiita Tigo. Mtu mmoja, laini nne. Na kwenye hesabu yuko mara nne.

Upande wa pili kuna ripoti za kimataifa kama zile za DataReportal. Hizo kwa 2023 na 2024 zilitupa watumiaji wa mitandao ya kijamii wasiofika hata milioni 10. Hesabu hizo hutegemea kwa sehemu kubwa takwimu ambazo mitandao yenyewe huwapa watangazaji. Kwa hiyo mmoja anakwambia soko ni bahari, mwingine anakwambia ni kisima, na wote wawili hawadanganyi. Mmoja amehesabu laini, mwingine amehesabu akaunti. Mteja hajahesabiwa na yeyote.

Tena kuna jambo la nyumbani. Sensa hiyohiyo ilikuta kaya ya Kitanzania ina wastani wa watu 4.3, na simu za kawaida, vile vitochi vyetu, bado ni nyingi kuliko simu janja. Maana yake simu janja moja inatazamwa na watu kadhaa. Binti anaona sufuria kwenye TikTok, anampelekea mama yake jikoni, mama anasema "hiyo bei gani?", na anayelipa ni baba aliyeko kazini. Ripoti yako inasema umemfikia mtu mmoja mwenye umri wa miaka 19. Ukimpangia matangazo yako huyo wa miaka 19, umemkosa mnunuzi.

Kurasa nne zimeisha. Twende Kariakoo.

Waliowahi kununua pale wanamjua winga. Kwa wasiomjua: winga ni kijana anayekukamata Msimbazi kabla hujafika popote, anakuita boss, anakuuliza unatafuta nini, halafu anakupeleka kwenye duka ambalo si lake. Bei ya duka ni elfu thelathini, yeye anakwambia arobaini, ile kumi ni yake. Hana fremu wala stoo, halipi kodi ya pango. Mtaji wake ni mdomo, na kujua nani anauza nini kwenye ghorofa ya ngapi.

Mimi nimefanya kazi ya matangazo kwa miaka kumi na kitu, na nimechelewa sana kuelewa kwamba mitandao ya kijamii Tanzania imekuwa winga. Si bango la barabarani kama tulivyofundishwa, na wala si duka. Instagram na TikTok zinamkamata mteja njiani na kumsindikiza mpaka mlangoni. Mlango wenyewe ni WhatsApp. Malipo ni kwa simu. Mzigo unaenda kwa boda kama ni mjini, kwa basi kama ni mkoani. Kampeni nyingi ninazoziona zinamwaga hela yote kwa winga na kumwacha mteja mlangoni akibisha hodi.

Nilikaa kwenye kiti cha plastiki nyuma ya kaunta. Anayejibu simu za mtandaoni dukani pale ni binti mmoja, simu yake ina ufa unaokatiza kioo kutoka kona hadi kona. Kabla ya saa nne asubuhi alikuwa na ujumbe mwingi ambao haujajibiwa hadi nikaona huruma. Karibu wote ulianza kwa neno moja: "Bei?" Hakuna salamu. Sisi Waswahili tusioweza kununua nyanya bila kuulizana habari za watoto, mtandaoni tumekuwa watu wa neno moja.

Akaingia mteja wa Songea. Alikuwa ameona kitenge cha bluu kwenye Instagram. Binti akamtumia picha tatu. Mteja akarudisha sauti, sekunde kama kumi hivi, nikaisikia mwenyewe: "Dada, hizo picha ni za ndani, taa zinadanganya. Naomba toka nje upige kwenye jua." Binti akachukua kitenge, akatoka hadi kwenye ngazi za barabarani, akakitandaza juu ya robota la mzigo wa watu, akapiga. Kwenye jua ile bluu ilikuwa inaelekea zambarau. Akatuma hivyohivyo. Mteja akajibu, "Hiyo sasa nimeielewa. Nitumie lipa namba."

Ile picha haikuwa na nembo, na kona moja ilikuwa na mguu wa mpita njia. Ofisini kwetu tungeikataa. Ndiyo iliyouza.

Jioni nikaona mwisho wa safari. Kijana wa boda akapeleka furushi Mbezi, stendi ya Magufuli, akalikabidhi kwenye basi, akapiga picha risiti ya mzigo, namba ya basi na namba ya konda. Picha hizo zikaenda Songea. Nikamuuliza binti kwa nini picha zote hizo. Akaniangalia kama mtu aliyeshuka jana kutoka kwenye mti. "Kaka, watu wametapeliwa sana."

Hapo ndipo penye uzito kuliko mwelekeo wowote wa mitandao. Nchi hii kila mtu amewahi kupokea ule ujumbe: "Ile hela tuma kwenye namba hii." Laini zimesajiliwa kwa alama za vidole, tulipanga foleni mpaka Januari 2020, na ujumbe bado unakuja. Na kila mtu ana shangazi au jirani aliyelipia viatu kwenye ukurasa fulani, akafungiwa, namba ikazimwa. Kwa hiyo mteja wetu anapoingia kwako haulizi kwanza kama bidhaa ni nzuri. Anauliza kama wewe upo. Ana njia zake za kukupima: anapiga simu asikie sauti, anaomba picha kwenye jua, anaangalia kama maoni chini ya picha umeyafunga, anauliza duka liko mtaa gani hata kama yuko Songea na hatafika. Ukimtaka alipe kabla hujamjibu hayo, unampoteza. Ukimruhusu alipe mzigo ukifika, kama yuko mjini, unampata na dada yake.

Basi nije kwenye ugomvi wangu na nyinyi. Bei.

"Bei njoo DM." "Bei inbox mpenzi." Nimepitia kurasa za biashara zilizomo humu ukumbini, msinikasirikie, na wengi mmeandika hivyo. Najua sababu zenu. Mnasema mshindani ataiona. Mshindani anaijua, mnanunua kontena moja. Mnasema mteja akiingia inbox mtamshawishi. Wengine mnaamini mtandao unapenda maoni mengi, watu wakiuliza "bei?" mara mia picha inasambaa. Labda. Lakini sababu ya kweli ni ya winga: bei haijaandikwa kwa sababu haijapangwa. Inasubiri kuona uso wa mteja. Mwenye picha ya gari kwenye wasifu anapewa bei yake, mwenye picha ya maua anapewa yake.

Uso kwa uso hiyo ni halali yetu, ni mchezo tunaojua kuucheza wote, mnunuzi anajua kutia chumvi na muuzaji anajua kuapa. Kwenye simu mchezo unavunjika. Mteja anauliza kurasa tano kwa mpigo, na wa kwanza kumpa namba ndiye anayeuza. Shemeji yangu alikataa kuandika bei kwa miezi. Tukakubaliana ajaribu kwenye vitenge tu: yadi sita, Sh35,000, mikoani ongeza nauli ya basi. Maswali yalipungua sana, akanipigia simu kwa hasira kwamba nimemuulia ukurasa. Nikamwambia ahesabu alizouza badala ya kuhesabu waliouliza. Hakupiga tena. Sasa ameandika bei mpaka za vitambaa vya meza.

Mtaniuliza kuhusu watu wenye majina, wale wa wafuasi milioni. Nililipa mara moja, kwa niaba ya mteja mmoja wa vipodozi. Mhusika simtaji, na kosa lilikuwa langu. Alipiga picha ameshika chupa, akaandika maneno tuliyomwandikia sisi, kwa Kiingereza chetu cha ofisini. Moyo nyekundu zikamiminika. Waliokuja WhatsApp walikuwa wachache kiasi kwamba binti wa dukani aliwajibu wote kabla ya chai. Tulinunua kiki, hatukununua wateja. Watu walikuja kuangalia nywele zake na kubishana kuhusu mpenzi wake, ubuyu mtupu. Chupa hawakuiona. Na kwa wanaotaka kujaribu, kumbukeni kwamba tangu Sheria ya Fedha ya 2024 malipo kwa watengeneza maudhui yana kodi ya zuio ya asilimia 5, ile ambayo mlipaji anaikata kabla hajalipa. Ingieni kwenye mkataba mkijua hilo, msije mkagombana mwisho.

Tofauti yake ni fundi cherehani mmoja wa mikoani mwenye wafuasi wa kuhesabika, ambaye kila Ijumaa anaweka kwenye status yake ya WhatsApp nguo alizoshona wiki hiyo, na anasema kitambaa kimetoka wapi. Wanaotazama ile status ni watu wanaoingia kwake kupimwa kiuno. Mazungumzo ya WhatsApp yamefungwa kwa usimbaji tangu 2016, hayasomwi ila na aliyetuma na aliyetumiwa, kwa hiyo hakuna ripoti itakayokuonyesha kwamba mauzo yako ya Njombe yametoka kwa fundi huyo. Utajua kwa njia moja tu: umuulize mteja, "Umetujuaje?" na uandike jibu.

TikTok sasa. Hapa mambo yamegeuka kweli, nami sitaki nionekane mzee asiyependa vya vijana. Kwenye Instagram ya zamani ulionekana na wanaokufuata. TikTok inakupeleka kwa wasiokujua. Mfano mkubwa tunaye hapahapa: Kili Paul, kijana wa Kimaasai aliyejipiga video akiigiza nyimbo za Kihindi, na mwanzoni mwa 2022 akatunukiwa na Ubalozi wa India, na Waziri Mkuu Modi akamtaja kwenye hotuba yake ya redio. Simu tu, shuka na machunga. Hakuna studio ambayo ingemfikisha pale.

Lakini tuseme mimi ni muuza vitenge. Wahindi milioni wakipenda video yangu, nitawatumia basi gani? Umaarufu unaosafiri ni mali ya msanii. Muuzaji wa Morogoro anataka umaarufu unaokomea Mikumi. Ndiyo maana nasema kwenye TikTok taja mahali. Sema Msamvu, sema Kihonda, sema "tukitazamana na stendi". Ongea kama unavyoongea dukani. Na wale wanaouza mubashara usiku, saa tatu na kuendelea, watu wakiwa wamelala chali na simu usoni, wamegundua kitu: mteja anauliza na anaona ukikinyoosha kitambaa palepale. Ile picha ya kwenye jua wameigeuza kipindi.

Ila kuna bando. Mtu wa masoko mwenye intaneti ya ofisini husahau bando kama aliyeshiba anavyosahau mwenye njaa. Mnakumbuka Aprili 2021, bei za vifurushi zilipobadilika, kelele zikawa kubwa hadi bei zikarudishwa ndani ya muda mfupi. Mteja wako anapima MB kama anavyopima mafuta ya taa. Video yako ya dakika tatu inayoanza na nembo inayozunguka kwa sekunde kumi, yeye ameilipia. Onyesha bidhaa sekunde ya kwanza.

Facebook nitaigusa tu, kwa kuwa vijana wa ofisini kwangu huicheka. Mikoani bado inaishi, hasa kwenye makundi ya kuuza na kununua, viwanja, pikipiki zilizotumika, mbegu. Wanaoicheka hawajawahi kuuza pampu ya maji.

Kalenda. Kampeni zetu zinafuata Black Friday na siku ya wapendanao. Hela ya nchi hii ina kalenda yake. Minada ya korosho ikifunguka Mtwara na Lindi kuanzia Oktoba, kule ndiko pa kupeleka matangazo ya bati, pikipiki na magodoro. Januari usimwambie mzazi habari za sofa, ana ada na sare mkononi. Kuna Ramadhani, na wiki mbili za mwisho kabla ya Idi ambazo fundi cherehani hapokei simu. Kuna siku za mshahara. Mitandao inakuruhusu kuchagua mkoa na tarehe kwa hela ndogo kuliko tangazo la redio, halafu tunachagua "Tanzania nzima, mwezi mzima". Ni uvivu, hakuna jina lingine.

Mwisho nataka niseme habari ya kuzimika. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilipotea dunia nzima kwa saa kama sita. Mei 2024 nyaya za baharini zilikatika, intaneti ikasuasua Afrika Mashariki yote. Mei 2025 mtandao wa X ulifungwa nchini. Oktoba 29 mwaka huohuo, siku ya uchaguzi, intaneti ikazimwa nchi nzima, na ikachukua siku kadhaa kurudi. Sikuja kuzungumza siasa. Nazungumza habari ya binti wa Mtaa wa Uhuru ambaye siku zile hakuwapoteza wateja wake.

Alikuwa na daftari. Counter book, lile la jalada gumu. Kila aliyewahi kulipa yumo: jina, mkoa, namba, alichonunua, na safu moja aliyoibuni mwenyewe aliyoiandika "maneno yake". Humo anaandika vitu kama "hapendi njano", "analipa tarehe 25", "mama mkwe wake amefariki, mpe pole". Meseji za kawaida zilipopita, aliwaandikia wachache wa karibu kwamba duka liko salama na mizigo itasubiri. Nilimuuliza kama walijibu. Akanionyesha kwenye kitochi chake. Watu walikuwa wanamuuliza yeye kama yuko salama.

Mwenye daftari kama hilo ajue pia kwamba lina sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika 1 Mei 2023, na ina Tume yake. Namba ya mteja aliyonunulia kitenge si ruhusa ya kumwingiza kwenye kundi la WhatsApp la watu 300 wanaotumiana maua ya asubuhi, wala ya kumuuzia jamaa yako wa bima. Muulize. Akikataa, chora mstari kwenye jina lake. Yule binti ana mistari kama mitano hivi, na mmoja ameufuta, kwa sababu yule mama alirudi mwenyewe.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Kuna maikrofoni mbili pale katikati, na naona mama wa vitenge aliyevaa bluu ameshasimama zamani. Mama yangu, shikamoo. Anza wewe, na ukimaliza swali, uwatajie watu bei zako.